Vidole Alivyoniachia Bwana

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Mama Rehema wa Masaki, hii ya shamba si ya mjini, mjane, na macho haya mnayoyatazama yana miaka mingi hayajaona kitu. Nimekuja kumshukuru Mungu, wala sitawachosha.

Yalianza kuuma msimu wa kuokota korosho. Dresa wa zahanati alinitilia dawa, wazee wakanichemshia mizizi, wapi! Giza likaingia moja kwa moja. Mwanangu Rehema ndiye aliyelima, akachota maji, akanishika mkono hata kwenda chooni. Akaja mchumba, kijana mwema wa Kibaha. Rehema akamkataa. Akasema, "Mama nitamwachia nani?" Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma! Mtoto azeekee nyumbani kwa ajili yangu? Nikawa naomba macho kila siku. Siku nyingine niliomba kufa.

Akina mama wa usharika wakaja kuniuliza naweza kazi gani. Nikawacheka. Hawakukasirika. Wakamwendea jirani yangu Mwislamu, Bi Mwanahawa, fundi wa mikeka, wakamwomba anifundishe. Ukindu, yale majani ya kusukia, wangeukata na kuuanika wao.

Bi Mwanahawa hana maneno laini. Akaniambia, "Macho yamekufa, na vidole navyo vimekufa?" Akanipa chane, ukindu uliochanwa vipande vyembamba. Nikasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, ukaenda upogo. "Fumua!" Nikasuka tena. "Fumua!" Nikautupa chini, nikalia, nikamwambia yeye anaona, hawezi kujua. Akaenda zake. Nikajua basi, nimemkosa.

Siku chache baadaye akarudi, akavichukua vidole vyangu akaviweka juu ya vyake. Akasema, "Mwenzangu, nimejifunga kanga machoni nikasuka hivyo hivyo, mpaka nikajua unapopotea. Ni hapa, chane hii ya pembeni. Iguse kwanza kabla hujaikunja." Haleluya! Nikaigusa. Ukili ukanyooka! Tulilia sote wawili, naye akanitania kwamba sasa ukindu umelowa vya kutosha kusukwa.

Leo mikeka yangu inalaliwa mpaka Mzenga. Binti wa jirani ananichotea maji, nami namsukia. Na Rehema? Nilimkabidhi mkeka nilioushona mwenyewe, nikamwambia, "Nenda mwanangu. Mama yako sasa anakula kwa mikono yake." Akaolewa Kibaha, na kijana yule yule! Juzi amenipakatisha mjukuu, mzito huyo, anavuta hereni zangu.

Ndugu zangu, macho sikurudishiwa. Bado nayaomba, sitawadanganya. Lakini Mungu alinisikia, akaniletea mtu aliyekubali kukaa gizani pamoja nami. Mtumainini! Na kama yupo hapa aliyekata tamaa, jioni akina mama tunasuka barazani kwangu. Njoo. Ila mimi sikuoni, ndugu yangu. Ukifika usisimame kimya. Taja jina lako, nami nitakupa mkono.