Kinyua Kagwe na Kiwavi wa Tisa (1950–1998)

Kinyua alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Othaya, Nyeri, mtoto wa pili wa marehemu Kagwe na marehemu Gathoni. Wa kwanza ni dada yake Wahu, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na ambaye ameyaandika haya ili yasije yakasemwa na watu ambao hawakuwepo. Mwaka wa 1965 familia ilihamia Kiminini, kwenye shamba hili tuliposimama leo. Kagwe alikuja na ng'ombe wawili na plau. Kinyua alikuja na mkebe.

Masomo aliyaanzia Othaya na kumaliza darasa la saba hapa Kiminini mwaka wa 1966. Alikuwa na mwandiko mzuri, ingawa wa Wahu ulikuwa mzuri zaidi. Basi ule mkebe. Siku moja Wahu aliufungua akitafuta chumvi, akakutana na kiwavi mnene kama kidole gumba, ametulia juu ya jani la mpera. Mayowe yale yalileta majirani na mapanga. Mama akaamuru atupwe. Kinyua akaitikia, "Ndiyo, mama," akamficha chini ya kitanda ndani ya sufuria kuukuu yenye udongo. Miezi ikapita, kila mtu akasahau. Jioni moja familia ikiwa kwenye sala, nondo mkubwa, wale vipepeo wa usiku, akatoka chini ya kitanda na kuizunguka taa. Baba Kagwe, ambaye sala zake zilijulikana kwa urefu, alifungua jicho moja, akasema "Amina" papo hapo. Kinyua alisema hiyo ndiyo siku aliyojua kazi ya maisha yake.

Ila kazi ya kumlisha ilikuwa cherehani. Alijifunza ushonaji Kitale mwaka wa 1968, na mwaka wa 1971 akaanza kushona kwenye baraza la duka la vitambaa la Bwana Harbhajan, ambako alidumu miaka ishirini na saba bila kugombana na mtu. Alipanga nyumba mtaa wa Tuwan, papo hapo Kitale, yenye kiwanja kidogo nyuma. Mama Bhagwanti, mke wa Bwana Harbhajan, alimpa miche ya yasmini, kwa maana nondo hupenda ua linalonukia jioni. Jua likitua alitundika shuka nyeupe kwenye kamba na kuwasha karabai mbele yake. Mashina ya miti aliyapaka ndizi mbivu zilizopondwa na sukari nguru. Nondo walikuja wa kila namna, wengine kama majani makavu, wengine wana macho mabawani utadhani bundi. Waliotaga, mayai yao aliyalea kwenye masanduku aliyoyashonea vyandarua kwa mkono wake mwenyewe, na kila asubuhi kabla ya chai aliwabadilishia viwavi majani.

Bwana Harbhajan alipopata habari alikuja juu. "Kinyua, mimi naweka wewe uze blanketi, wewe nalea ile nakula blanketi?" Kinyua akamwalika nyumbani, akamwonyesha kwamba viwavi wake wanakula majani tu, tena kila mmoja na mti wake, na ukimpa mti wa mwenzake atakufa njaa akiutazama. Bwana Harbhajan akarudi dukani akiwaringia wateja kwamba fundi wake ni profesa.

Sasa tuje kwenye ndoa. Kinyua alifika miaka thelathini na minne akiwa peke yake. Wasichana walifika mpaka kwenye mlango wa yale masanduku, wakageuka. Mama Gathoni alikuwa amekwisha kata tamaa. Ndipo akaja Nanyama, mwalimu wa nasari kutoka Myanga, Bungoma, kushonesha sare za watoto. Alipoonyeshwa viwavi hakukimbia. Aliuliza, "Wanalala saa ngapi?" Kinyua akarudi dukani akashona mikono mitatu kwenye shati moja.

Lakini ilikuwa Mei 1984, na viwavi jeshi walikuwa wamelipitia shamba la baba yake Nanyama, Mzee Wabwile, ekari mbili za mahindi zikabaki vijiti. Mtu akamfikishia habari kwamba yule mkwe mtarajiwa anafuga viwavi ndani ya nyumba. Mzee Wabwile akatuma neno: "Mwambieni aje nao. Tuwaweke kwenye mahindi yangu yaliyobaki. Wakila hata jani moja, asinione tena."

Jumamosi, tarehe 19 Mei, Kinyua alishuka Myanga na sanduku lake, Wahu nyuma yake kama shahidi. Mzee Wabwile alikuwa amekwisha weka kiti kando ya shina la mahindi lililozungushiwa uzio wa mianzi. Aliwahesabu mwenyewe. "Tisa. Waweke." Kisha akakaa, na boma zima likakaa naye.

Saa zikaenda. Viwavi wakapanda hindi, wakashuka, wakazunguka, hawakugusa kitu. Senge yake Nanyama, yaani shangazi, akasema, "Hao wanaringa kama wageni wa Nairobi." Saa tisa Kinyua akaomba ruhusa, akaweka tawi la mpera. Mara kukasikika kru, kru, kru, kama mbuzi kwenye makapi. Watu wakacheka, Nanyama akapiga makofi. Mzee Wabwile akainama kuhesabu tena.

"Nane," akasema. "Wa tisa yuko wapi?"

"Ameingia udongoni, baba. Wakikomaa huenda chini, wakalala, wakatoka na mabawa."

"Ati ameingia kwa shamba yangu? Chimba!"

"Ukimchimba utamuua, baba, na hutajua kama nilisema kweli. Mngoje."

Kijana anamkataza mzee wa watu nyumbani kwake, na anataka binti yake! Wahu alikwisha shika kikapu chake tayari kwa safari. Mzee Wabwile alimtazama Kinyua sana, kisha akachukua kikapu cha kuku, akakifunika juu ya ule udongo, na kuweka jiwe. "Basi jibu langu liko hapa chini. Akitoka tutaongea. Asipotoka, hakuna kitu."

Miezi mitano Kinyua alishona bila hamu ya chakula. Nanyama alipokuwa nyumbani aliwafukuza kuku pale. Mzee mwenyewe, tuliambiwa na senge, alikuwa akikifunua kikapu kila jioni akidhani hakuna anayemwona. Tarehe 16 Oktoba kondakta wa basi la Bungoma akasimama mbele ya baraza la duka, akapaza sauti: "Fundi! Mzee wa Myanga anasema yule wa tisa ametoka. Uje na wazee!" Bwana Harbhajan alifunga duka mchana huo. Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, na gauni la bibi harusi alilishona bwana harusi.

Tangu mwaka jana moyo wa Kinyua ulianza kuchoka. Alitibiwa Kitale, kisha akaomba arudishwe Kiminini, alale karibu na dirisha linalotazama mpera. Jioni za mwisho watoto walimtundikia shuka na karabai nje, naye akiwataja wageni wake mmoja mmoja wakitua. Alituacha Jumapili, tarehe 17 Mei 1998, asubuhi, baada ya kuuliza kama majani yamebadilishwa. Yalikuwa yamebadilishwa.

Ameacha mke wake Nanyama. Watoto Kagwe, Gathoni na Wabwile mdogo. Dada yake Wahu. Na baba mkwe wake, Mzee Wabwile. Vijana walipotaka kukata ule mpera ili hema likae vizuri, mzee huyu alisimama mbele yake na fimbo. "Kuna watu wanakula hapo," akasema. Ndiyo sababu hema limekaa upande.

Na jana kaburi lilipomalizwa kuchimbwa, alisimama ukingoni akauangalia udongo kwa muda. "Yule wa tisa nilimngoja miezi mitano," akasema. "Huyu pia nitamngoja."

Lala, Kinyua wetu. Hakuna atakayekuchimba.