Mama Panya na Matumbo Yaliyogoma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, maana habari ya leo inasisimua. Tunamkumbuka mtafiti wa dawa za tumbo, aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kazini walimwita Mama Panya. Jina hilo alilipenda kuliko cheo chake.

Kila asubuhi alifungua chumba cha wanyama na kusema, "Hamjambo, waheshimiwa?" Wenzake walimcheka. "Wanakuitikia?" Naye akajibu, "Angalau hawa hawachelewi kazini!"

Lakini moyoni alikuwa na jambo zito. Mdogo wake wa kike alikuwa na kisukari, na kisukari kililegeza tumbo lake. Chakula kilikaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Alichokula jana alikitapika leo. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni.

Mama Panya alijaribu dawa ya kulifanya tumbo lishushe chakula haraka. Aliijaribu kwa panya wenye kisukari. Walilala na njaa ili matumbo yawe matupu. Asubuhi walipewa uji wenye rangi ya buluu. Wengine walipewa dawa, wengine maji. Kisha walilazwa usingizi wa moja kwa moja, jambo ambalo hakulizoea kamwe, naye akatazama uji umebaki kiasi gani tumboni.

Matumbo yote yalikuwa yamejaa. Ya dawa yamejaa. Ya maji yamejaa. Akarudia jaribio. Yamejaa!

Mkuu wa maabara akamwita. "Dada yangu, tukubali yaishe. Jaribu mara moja tu tena, kisha dawa hii tunaiweka kando."

Jioni hiyo mdogo wake alimshika mkono. "Dada, niletee japo tone moja. Nani atajua?"

"Sijui itakufanya nini. Wewe si panya wangu."

"Panya wako wana bahati kunishinda mimi!"

Wakanuniana.

Kesho yake Mama Panya alirudi kwenye matumbo yaleyale. Safari hii hakutazama tu. Alichukua pini, akakichambua kilichomo tumboni juu ya sahani. Buluu ilikuwa kidogo. Kilichobaki kilikuwa nyuzinyuzi, rangi ya mbao. Akanusa. Akaruka!

"Wamekula kitanda! Jamani, wamekula kitanda!"

Jengo zima lilidhani kuna moto. Mkuu akaja mbio. "Nani kala kitanda?"

"Panya, mzee! Wamekula maranda ya mbao wanayolalia!"

Na maranda hayo, wasikilizaji, aliyaongeza yeye mwenyewe. Aliwaonea huruma kulala na njaa, akasema basi angalau wapate joto. Nao wakala joto lao.

Akaondoa maranda yote. Akaweka sakafu ya wavu wa chuma, na taa ya kuwapa joto. Siku ya jaribio la mwisho, maabara nzima ilijipanga nyuma yake, roho juu. Panya wa maji: tumbo limejaa buluu. Panya wa dawa: karibu tupu. Mwingine wa dawa: karibu tupu! Mkuu, mtu ambaye kucheka kwake ni kama sikukuu, alimkumbatia mfagiaji.

Haikuishia hapo. Ilipita miaka ya kuijaribu dawa kwa watu waliojitolea. Mama Panya hakuiba hata tone. Mdogo wake alingoja, akilazwa na kutoka hospitali, mpaka daktari alipomwandikia dawa ile kihalali.

Mdogo wake ametuambia hivi: "Nilikula sahani nzima ya wali. Dada aliweka ndoo karibu, akakaa kunitazama. Nikamwambia, 'Dada, mbona unanitazama kama mimi ndiye panya?' Tukacheka hadi tukalia. Kulipokucha, ndoo ilikuwa kavu. Nikamwambia nina njaa. Miaka mingi sikuwa nimelitamka neno hilo."

Kwa mdogo wake, kwa mume na watoto wa marehemu, na kwa wenzake wa maabara, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkimaliza kula, tulieni kidogo. Chakula kinashuka chenyewe, wala hamkisikii. Mfikirieni yule ambaye chake hakishuki, na dada aliyempenda kiasi cha kumwambia subiri.