Mama Miche na Viriba vya Barabara ya Hospitali

“Ondoeni kiriba kwanza! Mnapanda mti au mnamfunga mtu ndani ya gunia?”

Hayo aliyasema marehemu dada yetu, mliyezoea kumwita Mama Miche, Ijumaa ya tarehe 26 Machi 1993, akiwa na tope hadi magotini, mbele ya vibarua kumi na wawili na msimamizi wao. Hakusikilizwa. Leo mtamsikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1958, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alipenda mimea kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Akiwa na miaka mitano alipanda maharage kwenye kopo, na kila asubuhi akawa anayafukua kuona kama yameota. Mama akamwuliza, “Hizo ni mbegu au wagonjwa unaowapima homa?” Akaacha kufukua, yakaota. Tangu hapo akajua kusubiri, na wapo watu waliokuja kujuta kwamba alijifunza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akafaulu vizuri. Nafasi ya kuendelea na masomo akapewa kaka yetu, ambaye yupo hapa na anajua mwenyewe alichoifanyia.

Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa kumwagilia maji katika bustani za mji. Baada ya miaka minne akakabidhiwa kitalu kizima. Kwenye joto na unyevu kama huu wetu kila kitu kinaota, na kila kitu kinaoza, na kazi ya mkulima wa miche ni kuhakikisha kuota kunatangulia kuoza. Alimwagilia asubuhi, hakumwagilia jioni, kwa sababu jani likilala limelowa linaamka na ukungu. Aliacha nafasi kati ya kichaka na kichaka upepo upite. Hakuruhusu udongo kurundikwa kwenye shina. “Mti una shingo kama wewe,” alikuwa akiwaambia vibarua. “Jifunge blanketi shingoni wiki nzima kwa joto hili, halafu uje unisimulie.”

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na fundi wa kuchomelea vyuma. Kijana huyo alikuja kitaluni kila Jumamosi kununua kichaka cha maua, na alikuwa amefikisha vichaka kumi na vinne ndipo marehemu akamwuliza anavipanda wapi. Akajibu kuwa amepanga chumba kimoja, ghorofani. Ndoa ilikuwa ya heri. Ila mume alikuja na kaka yake, na huyo kaka ndiye aliyekuwa msimamizi wa bustani za mji. Vibarua walimwita Mistari, maana hakujali mti umepona au umekufa, mradi umesimama kwenye mstari.

Sasa turudi kwenye tope. Barabara mpya ya hospitali ilikuwa ifunguliwe kesho yake, na miti arobaini na minane ilikuwa ipandwe siku hiyohiyo, kwenye mvua. Kiriba ni ule mfuko wa plastiki ambao mche unakuzwa ndani yake. Unapopanda lazima uuchane na kuutoa, la sivyo mizizi inazunguka humohumo, inajinyonga, na mti unakua mkubwa juu huku chini haujashika kitu. Kila fundi anajua. Lakini ukitoa kiriba wakati wa mvua, udongo unamomonyoka na mche unainama kidogo kwa wiki mbili tatu, halafu unajiinua wenyewe. Mistari hakutaka wageni waone mti umeinama. Akaamuru miti ipandwe na viriba vyake.

“Shemeji, hii miti itaanguka,” marehemu akamwambia.

“Hapa kazini mimi si shemeji. Ni msimamizi.”

“Basi kamwambie mti cheo chako, tuone kama utakuogopa.”

Miti ilisimama wima kama askari, wageni wakapiga makofi. Tarehe 17 Aprili 1998 upepo wa mvua ukaangusha tisa mchana mmoja, mmoja ukalalia kibanda cha fundi baiskeli. Kabla ya jioni Mistari alikuwa ameshaagiza visiki ving’olewe na kutupwa pamoja na viriba vyake, kisha akaenda kwenye kikao akasema miche ilikuwa mibovu tangu kitaluni. Tarehe 4 Mei marehemu akapewa barua ya kufukuzwa kazi kwa “uzembe katika ukuzaji wa miche.” Alikuwa ameikuza kwa mikono yake. Ukoo wa mume ukamkalisha chini na kumwambia damu ni nzito, ayamalize. Mume wake, mtu aliyeshikamanisha vyuma maisha yake yote, hilo lilimshinda kuliunga.

Marehemu hakuyamaliza. Alikodi kipande cha ardhi mkabala na lango la ofisi ya bustani iliyomfukuza, akafungua kitalu chake, akasubiri. Miti thelathini na tisa ilikuwa bado imesimama. Kila ulipoanguka mmoja, yeye alifika wa kwanza na koleo lake. Alifukua kisiki, akatoa kiriba na mizizi iliyojisokota ndani yake kama utumbo, akaosha, akakitundika kwenye ua wa kitalu kikiwa na kibati chenye tarehe. Hadi mwaka 2009 vilikuwa kumi na saba, vyote vimeelekezwa langoni kwa Mistari. Mteja akiuliza, alijibiwa, “Hiyo ni kazi ya shemeji yangu. Ana mkono mzuri, huoni ilivyonyooka?”

Mistari akahamia lango la nyuma, lile lenye dimbwi, akapita humo hadi alipostaafu. Siku moja alimtuma mdogo wake aombe viriba vishushwe.

“Ananiaibisha, anasema,” mume akaeleza.

“Mwambie aje alie mwenyewe,” marehemu akasema. “Wewe kula, chakula kinapoa.”

Hakuja miaka mingi. Mume alifariki mwaka 2015, na hata msibani Mistari hakuomba radhi.

Mwezi Juni 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, ila aliendelea kuwaamuru vibarua wake akiwa kitandani, kupitia dirisha linalotazama kitalu. Jumanne tarehe 25 Julai 2023, Mistari aliingia chumbani na fimbo yake.

“Pole, shemeji.”

“Pole ya ugonjwa au ya viriba?”

Mzee akainama. “Ya viriba.”

“Sema kwa sauti. Kinachoumwa ni moyo, masikio ni mazima.”

Akasema. Marehemu akaagiza kalamu na karatasi. Mzee akaanza kuandika “makosa yalitokea,” marehemu akachungulia akamwambia, “Yalitokea yenyewe, kama uyoga? Futa.” Alifutishwa mara tatu. Kisha marehemu akatoa agizo: “Nilifukuzwa kwa barua, nirudishwe kwa barua. Isomwe siku ya kunizika, na isomwe mwisho kabisa, mtu asipate sababu ya kuondoka mapema.”

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, miche ikiwa imeshamwagiliwa. Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, kaka mmoja, mimi mdogo wake wa kike, na shemeji mmoja, ambaye barua yake ni hii:

“Mimi ndiye niliyeamuru miti ya barabara ya hospitali ipandwe na viriba. Mama Miche alinikataza mbele ya watu, nikamdharau. Miti ilipoanguka nikasema miche ilikuwa mibovu. Haikuwa mibovu. Nilisema uongo, naye akafukuzwa kazi kwa uongo wangu.”

Aliposaini, marehemu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Ndipo akamtazama mzee, aliyekuwa amesimama muda wote huo.

“Haya, shemeji. Vuta kiti ukae.”

Pumzika, dada. Huna unachomdai mtu.