Mayai ya Kisiwa cha Kwao

Leo, tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara yetu ya mayai ya ndege wa baharini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Tangu vita vimtoe kwao, imetimia thelathini na minne. Tunamwita Babu Shakwe, jina la ndege wa baharini alilopewa na wapishi wa kantini kwa sababu ya mwendo wake, naye akalipokea bila kununa.

Kazi yake ilikuwa kuliuliza yai habari za bahari. Kemikali za viwandani zisizooza huingia kwa samaki, samaki huliwa na shakwe, na shakwe humwachia mtoto wake urithi huo ndani ya kiini. Kila mwaka Babu alipima mayai machache ya miamba ya hapa, na mengine akayahifadhi kwenye friza zinazonguruma korido ya chini. Aliona sumu za zamani zikipungua baada ya kupigwa marufuku, na mpya zikipanda kushika nafasi zao. Vipimo vikishuka alitununulia chai sote. Hatukunywa mara nyingi.

Hakuna aliyeingia kwake akiwa amejipaka mafuta au manukato, yasije yakachafua vipimo; mheshimiwa mmoja alirudishwa mlangoni akanawe kama mtoto anayeitwa mezani. Lakini kosa kubwa lilikuwa lake mwenyewe. Mwaka mmoja, kwa huruma, aliwanunulia wakusanyaji wa mayai makoti mapya ya mvua, na vipimo vikaruka hadi darini. Kumbe kinacholifanya koti lisilowe ndicho kile kile tulichokuwa tukikitafuta. Alitupa mayai ya msimu mzima, akaomba radhi mbele ya wote. Tangu hapo wakusanyaji huenda na sweta kuukuu za pamba, wakarudi wamelowa chapachapa, wakimsema njia nzima.

Kwao pia wapo shakwe, kwenye kisiwa kinachotazamana na nyumba ya marehemu mama yake. Mpango wake wa uzeeni tuliujua sote: kurudi, kuezeka paa upya, kula samaki na dada yake aliyebaki. Mwaka jana, njia zilipofunguka, alimwomba dada amtumie mayai yaliyofungwa kwa foili. Yalifika mazima. Vipimo vyake vilizidi vya yai lolote lililomo katika friza zetu.

Akapima upya. Kisha akapiga simu, nasi tumesimama pale, akamuuliza dada alivaa nini siku ya kuyaokota. Alikuwa akiomba liwe koti.

“Gauni la pamba, kaka, lile lililochanika. Mbona unauliza nguo? Mayai yamevunjika?”

Akamwambia waache kula samaki wa pale.

“Sasa tule nini?”

Angeweza kunyamaza, akazeeka barazani kwa mama yake. Aliwapelekea wakuu wa kule majibu yote. Ufuo umefungwa, dada amehamia bara kwa mwanawe, na mlango wa nyumba umepigiliwa mbao. Simu za Babu dada huzipokea, ila siku hizi humwita mzee, si kaka.

Babu, tunakushukuru. Friza zitaendelea kunguruma, na makoti hayatavaliwa. Siku zako zilizobaki ziwe na utulivu, na watu wa kukugongea mlango.

Babu Shakwe amepanga chumba mtaa wa pili kutoka hapa. Kwao hatarudi.