Hakuanguka: Maisha ya Mwalimu Pudensiana Kalolo wa Makanyagio, 1971–2025

Ndugu, majirani, na nyie wanafunzi wa darasa la Jumamosi, kabla hatujamweka mama yetu kaburini tunaomba mtusikilize. Marehemu alikuwa na masharti kwa kila aliyesimama mbele ya watu kujieleza: taja mwaka, taja mahali, sema ulichofanya wewe mwenyewe, usiongeze na usipunguze. Wasifu huu umeandikwa kwa masharti hayo. Wapo waliotaka upunguzwe. Haukupunguzwa.

Mwalimu Pudensiana alizaliwa Majimoto tarehe 19 Mei 1971, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Kalolo na Mama Ernestine, wakulima wa mpunga. Jina alipewa na padre, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya mtakatifu huyo. Utoto wake aliumalizia shambani akiamia ndege, na kuanzia mwaka 1979 aliwafukuza ndege hao akiwa na mdogo wake wa mwisho, Cletus, mgongoni. Alikuwa akisimulia kwamba Cletus alimzoea kiasi cha kukataa kulala kwa mtu mwingine, na kwamba alimfundisha kutembea kwenye majaruba, akimshika vidole viwili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979. Mwaka 1983, akiwa darasa la tano, alijibu swali ambalo hakuulizwa. Mwalimu alimpiga kofi moja la upande wa kushoto. Damu ilitoka sikioni siku mbili, na sikio lile halikusikia tena mpaka anafariki. Nyumbani ikasemwa ameanguka, na hospitali ikaandikwa hivyo hivyo. Wote tuliokaa naye tulijifunza kuzungumza naye tukiwa upande wa kulia.

Alimaliza kidato cha nne hapa Mpanda mwaka 1989 na kufaulu vizuri. Mwaka uliofuata aliitwa kwenye usaili wa ukarani katika chama kimoja cha ushirika. Waliomsaili walikuwa wanaume watatu. Aliyekaa kushoto ndiye aliyeuliza, naye hakusikia. Akauliza tena, hakusikia. Hakujua kwamba mtu anaruhusiwa kusema, "Samahani, naomba urudie swali." Hakuna aliyewahi kumwambia. Aliendelea kumtazama yule mzee usoni, kimya, mpaka wakasema binti huyu ana kiburi na kumtoa nje. Alitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka kwa ndugu waliokuwa wamempokea, na huko alichapwa kwa kukosa kazi. Marehemu alikuwa akilisimulia tukio hili huku akicheka. Sisi wanawe hatukuwahi kuona kinachochekesha.

Alisomea ualimu kuanzia 1991 hadi 1993, akafundisha shule ya msingi Mishamo, akaongeza stashahada mwaka 2003, na tangu 2004 alifundisha sekondari hapa mjini. Tarehe 28 Septemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Amedeus, dereva wa lori, mtu mpole aliyekuwa akimsomea magazeti kwenye sikio zima. Walijaliwa watoto wawili, Denis na Jeniffer. Agosti 2008 majambazi walilisimamisha lori porini, katika barabara ya Tabora, wakampiga baba yetu risasi mbili baada ya kuwa amekwisha kushuka na kuinua mikono. Marehemu alikwenda mwenyewe kuutambua mwili, akamfuta vumbi usoni kwa khanga yake, akamzika. Siku ya tisa alikuwa darasani akisahihisha insha.

Darasa la Jumamosi alilianzisha mwaka 2015, pale sebuleni kwake Makanyagio. Mwanafunzi wake mmoja mwenye alama nzuri alikuwa ametoka kwenye usaili analia, kwa kuwa alipoambiwa ajieleze, alitaja jina na kunyamaza. Kuanzia hapo, kila Jumamosi saa nane mchana, vijana wa kidato cha nne na cha sita waligonga mlango ule, wakasubiri kuitwa, wakaingia, wakasubiri kuambiwa wakae. Jopo lilikuwa marehemu na jirani yake, Mama Rozalia, fundi cherehani, ambaye kazi yake ilikuwa kununa. Aliambiwa hata mtoto akifanya vizuri kiasi gani asitabasamu. Alishindwa mara moja tu. Kabula Manyanda, binti wa wafugaji, aliingia akapiga magoti kwenye sakafu kulisalimia jopo, kama alivyolelewa, na Mama Rozalia akaangua kicheko. Marehemu hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, naye akapiga magoti, akaipokea salamu. Kisha akamwambia, "Sasa tumesalimiana nyumbani. Simama, mwanangu, tusalimiane kazini." Kabula leo ni mhudumu wa maabara, na yupo hapa kati yetu.

Jambo moja marehemu alilikataza kabisa, nalo ni majibu ya kukariri. Aliyeulizwa udhaifu wake akajibu kwamba anapenda kazi kupita kiasi alitolewa nje, akagonga upya.

Tarehe 7 Juni mwaka huu aliyekaa kwenye kiti cha msailiwa alikuwa Romana, binti wa Cletus, miaka kumi na minane, aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa karani wa mizani, kwa wanunuzi wa mpunga. Marehemu, shangazi yake, alimtaka aeleze wakati mgumu aliowahi kupitia. Romana akasema, "Mwezi wa kumi na moja baba alimvunja mama mkono kwa mpini wa jembe."

Vijana kumi na mmoja walikuwa wakisikiliza. Agatha, mama yake Romana, alikuwa ametuambia sote kwamba alianguka kisimani. Marehemu mwenyewe alikuwa amempelekea uji na kumwonya awe anavaa viatu visivyoteleza. Mama Rozalia anasema marehemu hakuvunja usaili. Aliuliza swali ambalo huwa linafuata. "Na wewe ulifanya nini?"

Romana alisema alimvuta mama yake jikoni, akasukuma gunia la mahindi mlangoni, akamfunga mkono kwa vipande viwili vya mbao na kitenge, akasubiri baba achoke kupiga mlango, akaita bodaboda. Alieleza yote akiwa ameinua uso. Marehemu alimwambia kwamba jibu hilo lilikuwa kamili. Jioni ile ile alikwenda kwa mdogo wake na kumwambia kwamba Agatha na Romana watahamia kwake Makanyagio, na wakahama.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 14, mlango haukugongwa. Cletus aliingia na mpini ule ule. Alikwenda moja kwa moja alipokaa Romana akamlenga kichwani. Romana alikinga, vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikavunjika. Marehemu alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya meza. Alisimama kati yao akiwa amenyoosha mikono.

"Toka, dada. Huyu ni wangu."

"Cletus, kaa hapo tuzungumze," alimwambia, akimwonyesha kiti cha msailiwa.

Cletus alimpiga begani. Marehemu hakuondoka. Aligeuza kichwa kuwaambia watoto watokee mlango wa jikoni, na hapo Cletus akazunguka upande wa kushoto, upande ambao kila mtu wa ukoo huu anajua kwamba hasikii. Alimpiga juu ya sikio. Alipokuwa chini alimpiga tena, mara mbili. Mama Rozalia alimrushia pasi yake ya mkaa, aliyokuja nayo na kuiacha ikipata moto pembeni, ikampata usoni na makaa yake, na Shadrack, kijana wa kidato cha nne kutoka Mishamo, akamrukia miguuni na kumkalia mpaka mgambo walipofika. Damu iliyokuwa sakafuni Jeniffer aliisugua siku mbili. Alama bado ipo, na tumekubaliana ibaki.

Mama yetu alilazwa hospitali bila fahamu mpaka Jumatatu. Jumatano alimuuliza Romana kama usaili si kesho. Romana, mkono ukiwa na bandeji, alisema hawezi kwenda. Marehemu akamwambia, "Utaenda. Tena wakikuuliza wakati mgumu, hutakosa la kusema." Alijaribu kucheka, uso ukamuuma.

Alhamisi tarehe 19 Juni Romana alikwenda. Alirudi wodini saa saba, akazunguka kitanda akakaa kulia. Sisi wanawe tulikuwepo.

"Waligonga wapi?" marehemu aliuliza, maneno yakiwa yamemchanganyikia.

"Mimi ndiye niliyegonga, shangazi. Nikasubiri."

"Uliwaangalia?"

"Wote watatu. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, nikamwomba arudie swali."

Marehemu alifumba macho na kumpapasa ile bandeji. Alifariki saa tisa na dakika ishirini alasiri. Majibu ya usaili hayajatoka.

Sasa tufike kwenye sehemu ya ugonjwa, ambayo kila wasifu huwa nayo. Marehemu hakuwa na ugonjwa. Jana kwenye kikao cha ukoo, Babu Benedikto, mdogo wa marehemu Mzee Kalolo, alisema tuandike presha. Alisema nani atauliza, siku hizi kila mtu anakufa kwa presha. Mwingine akapendekeza tuandike kwamba alianguka, na kwamba Romana akafundishwe kusema hivyo hivyo polisi, ili ukoo usimpoteze na Cletus gerezani. Hatumsemi Babu kwa chuki. Alikuwa analia alipoyasema. Lakini katika ukoo wetu wanawake wameanguka sana. Wameanguka kisimani, wameanguka ngazini, wameanguka shuleni, na aliyewaangusha amekaa kwenye kikao akigawa kazi za msiba.

Aliyemaliza kikao ni bibi yetu Ernestine, mama mzazi wa marehemu, mama mzazi wa Cletus. Alisema, "Mwaka ule wa sikio, mimi ndiye niliyesema ameanguka. Si baba yake, ni mimi. Niliogopa mwalimu atamfukuza shule. Sitasema tena." Kisha akaagiza tuandike kila kitu, na tuseme kwamba ni yeye aliyeruhusu.

Marehemu ameacha mama mzazi, Ernestine, na ndugu zake watatu. Watoto wawili, Denis na Jeniffer. Wifi yake, Agatha. Na Romana, ambaye tangu sasa ni mtoto wa nyumba yake. Ameacha jirani yake, Rozalia. Ameacha wanafunzi mia nne na kitu, kwa daftari lake mwenyewe. Ameacha pia mdogo wake, Cletus, aliyembeba mgongoni, ambaye yuko mahabusu. Marehemu angetutaka tumtaje, kwa kuwa hakupenda orodha iliyoficha mtu.

Leo ni Jumamosi, na saa nane imefika. Vijana kumi na mmoja, Romana akiwamo, walikuwepo chumbani siku ile ya tarehe 14. Waliokwisha kuandikisha maelezo polisi ni wawili, Romana na Shadrack. Nyie tisa tunawaona mlikokaa, na tunajua wazazi wenu wamewaambia kwamba hayo ni ya ukoo wetu. Jumatatu tarehe 23, saa tatu asubuhi, Mama Rozalia atapita nyumba kwa nyumba kuwachukua, kisha mtakwenda pamoja kituoni. Bibi Ernestine atakwenda nanyi. Hakuona kitu, lakini amesema atakaa nje ya mlango mpaka wa mwisho atoke. Huko mtaulizwa maswali mawili, mliona nini na mlifanya nini. Mkiingia, gongeni. Msiposikia, ombeni warudie. Msikariri.

Mama, pumzika. Kazi yako uliifanya kwa amani, ingawa wewe hukumalizwa kwa amani. Tunachokidai tutakisema wima, kwa sauti, tukiwa upande wako wa kulia.