Fulana au Glavu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, pale njia ya vumbi ya kwenda mlimani inapoachana na lami. Mkono wa kushoto kuna pampu ya upepo na rundo la matairi ya Pancha, mziba matairi. Mkono wa kulia kuna meza ya Waya, fundi umeme na redio, iliyojaa vyuma ambavyo yeye peke yake ndiye ajuaye vilitoka kwenye nini. Katikati hukaa Mama Birika, muuza kahawa, na jiko lake, na karibu zaidi na jiko hukaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wamempa jina la Kamusi kwa kuwa hana jambo asilolitilia methali, ijapokuwa mara nyingi methali na jambo havijuani hata kwa salamu. Miezi ya baridi ukungu hushuka mpaka hapo, na watu hushika vikombe kwa mikono miwili kama wanaoomba dua.

Asubuhi hiyo Mkunga alifika na pikipiki yake, akazima, akabaki amekaa juu yake. Haikuwa kwa kupenda. Vidole vilikuwa vimegoma kuachia usukani. Mama Birika ndiye aliyemfungua kidole kimoja kimoja, akamtia kikombe mkononi bila kuuliza.

Alipopata pumzi Mkunga aliwaeleza. Mara mbili kwa wiki alipanda mlimani kuwapima wajawazito majumbani mwao, mwendo wa saa moja na nusu, ukungu mtupu. Juzi alikuwa amemwekea mama mmoja mkono tumboni, yule mama akaruka kama aliyeguswa na chuma. Hilo lingesameheka. Kilichomnyima usingizi ni kwamba yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Alipapasa kutafuta kichwa cha mtoto kiko wapi, na vidole vikawa kama vya kuazima. Aliomba kukaa jikoni kwao apashe mikono, na hata baada ya hapo aliondoka hana hakika.

Sasa wifi yake, aliyeolewa nchi ya theluji, alikuwa amemtumia ujumbe. Yupo dukani wanakouzia mavazi ya waendesha pikipiki, mavazi yenye nyaya ndani, yanayopasha mwili kwa umeme. Kuna mgeni anasafiri kuja leo, na begi lake limebaki na nafasi ya kitu kimoja tu. Achague, na achague upesi, maana mgeni anaondoka baada ya saa moja.

Simu ikazunguka benchi zima. Kulikuwa na picha ya koti, ya fulana ya kuvaa ndani, ya glavu, na ya soksi. Pancha aliacha tairi la watu likiwa nusu limevuliwa. Waya alifuta miwani. Hakuna aliyekuwa ameona kitu cha namna hiyo, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na la kusema.

Pancha alianza na soksi. Baridi, alisema, huingilia miguuni. Yeye amesimama kwenye maji ya kupimia matundu miaka kumi na mbili na anajua inakopita. Kamusi akamuunga mkono papo hapo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema. Wahenga walitaja guu. Wangetaka glavu wangetaja mkono.

Waya hakukubali. Yeye alikuwa mtu wa koti. Mwili, alieleza, ni kama nyumba: ukipasha sebule, joto litakwenda lenyewe mpaka vyumbani. Ukipasha tumbo na kifua, damu itatoka pale ya moto na kushuka mpaka kwenye kucha. Lilikuwa neno la busara, na Mkunga, aliyesoma habari za damu, alitikisa kichwa kukubali. Lakini Waya hakujua kuliacha neno likiwa bado zuri. Aliendelea kuonya kwamba koti lisilowe, maana likilowa mvaaji atakuwa hita la kuchemshia maji, na asilivae wakati wa radi, kwa kuwa radi ikiona nyaya zimefungwa kwenye mtu na mtu amefungwa kwenye chuma, itadhani imeitwa.

Pancha aliona soksi zake zinazama, akabadilisha njia. Kwa nini kununua moto wakati pikipiki yenyewe inautupa? Moto wote unaotoka kwenye ekzosi unakwenda bure. Ampe bomba tu na mpira wa kuungia, atalipitisha kiunoni, lipande mgongoni, litokee kwenye mikono ya koti.

— Nifike kwa mzazi nanuka moshi? Mkunga aliuliza.

— Atajua umefika, Pancha alisema.

Kamusi akaja na kubwa kuliko yote. Dawa ya moto ni moto, alisema, basi dawa ya baridi ni baridi. Mkunga apande mlima na blauzi nyepesi wiki mbili, mwili utazoea na kuacha kudeka. Mama Birika alimtazama mzee namna alivyojikunja karibu na jiko, makoti mawili na shali, akamwongezea kahawa.

Simu ikalia mlio mfupi. Wifi alikuwa ameandika tena: zimebaki dakika arobaini, na muuzaji anasema vitu hivi viko vya aina mbili. Vipo vyenye betri zao ndogo, na vipo vinavyochomekwa kwenye betri ya pikipiki. Vya betri ndogo, ukiweka moto mkubwa, havifiki hata mwendo wa saa moja na nusu. Mkunga alijua maana yake. Angefika kileleni zimekwisha, na nyumba nyingi huko hazina umeme wa kuzichaji. Hivyo kitakuwa cha kuchomeka. Lakini kipi? Waya alisema koti, Pancha akarudi kwenye soksi, na Kamusi akasema mchagua jembe si mkulima. Mkunga alitaka koti. Alishajiona amelivaa, joto limemzunguka kama maji ya kuoga, anaupanda mlima kama malkia.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja kijana, mimba ya miezi minane, kabeba redio kwa Waya. Aliwaamkia wazee, akaitikiwa marahaba, akasogezewa nafasi kwenye benchi. Mkunga alimtambua kabla hajakaa. Ndiye yule aliyeruka juzi. Kwa aibu akauficha mkono wake chini ya kanga, naye mama yule akatabasamu kama asiyekumbuka.

Alisikiliza mabishano kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia:

— Samahani, mimi sijui mambo ya pikipiki. Lakini kwetu tuna sola ndogo. Nikiwasha redio, taa inafifia. Sasa hiyo pikipiki itaweza kubeba vyote viwili, taa na hilo koti?

Pancha alimtazama Waya. Waya akatazama pikipiki kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akatazama meza yake, akakuna shingo.

— Sijui, alisema.

Miaka yote waliyokaa naye hawakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Hata yeye lilionekana kumshangaza. Lakini lilipomtoka, ni kama lilimfungua miguu. Alikuwa ameshasimama, anapekua mezani, na sauti yake imepanda.

Alitoa mita ya kupimia umeme, akatoa na balbu kuukuu ya taa kubwa ya gari. Balbu hiyo, alieleza akiwa amepiga magoti, inakula umeme karibu sawa na fulana. Koti linakula karibu mara mbili yake, ndivyo ujumbe wa wifi ulivyosema. Kama pikipiki itaibeba balbu huku taa yake inawaka, watazungumza. Pancha alifungua kiti, betri ikaonekana. Mkunga akawasha pikipiki na taa, akavuta mafuta kwa mwendo ule ule wa kupandia mlima, vidole vikiuma kwa kuanza kupata moto. Wote waliinama juu ya kimita kile kidogo, hata Mama Birika aliyeacha birika lake linachemka.

— Volti kumi na tatu na nusu, Kamusi alisoma. Ualimu ulikuwa haujamtoka.

Waya akaunganisha balbu. Ikawaka nyeupe. Taa ya pikipiki ikafifia pale pale, na namba kwenye mita zikaanza kuporomoka, Kamusi akizitaja moja moja kwa sauti iliyozidi kuwa ya chini. Kumi na mbili na nusu. Kumi na mbili na robo. Kumi na mbili. Mkunga alibonyeza honi. Ilitoa mlio wa mbuzi mgonjwa.

Fulana ilikuwa imeshindikana, na koti halikuhitaji hata kujaribiwa. Mkunga alisikia uchungu wa kitu alichokuwa hajakipata bado. Alifikiria kona za kule juu, ukungu, na taa inayomfia mbele yake, kwa sababu tu alitaka joto la mgongo.

— Glavu zinakula kiasi gani? aliuliza.

Zilikula chini ya nusu ya hiyo, zote mbili pamoja. Waya alipekua tena akatoa balbu ndogo ya taa ya breki, akaiunganisha mahali pa ile kubwa. Ikawaka nyekundunyekundu kwa vumbi la miaka. Wakasubiri. Kamusi akasoma kumi na tatu na kidogo. Wakasubiri tena. Kumi na tatu na kidogo. Taa ya mbele haikutikisika.

Pancha alipiga kofi moja kwenye tangi kama anayepongeza ng'ombe.

Zilibaki dakika kumi na mbili wifi alipouliza kipimo cha kiganja. Pancha alikata ukanda wa tyubu akauzungusha mkononi mwa Mkunga, Kamusi akatoa rula. Mama Birika akauliza tangu lini mpira ukapima kitu. Alichomoa uzi kwenye shali ya Kamusi bila kumwomba ruhusa, akauzungusha chini ya vidole, akakata kwa meno, akaulaza juu ya rula. Muuzaji kule alishauri waongeze kidogo, kwa kuwa glavu inayobana huzuia damu, na damu ikizuiwa hata umeme hausaidii. Mkunga akatuma jibu. Wote wakaitazama simu mpaka ilipolia: zimepatikana, mgeni amezipakia.

Glavu zilifika baada ya siku kumi, mgeni alipopata mtu wa kuzileta kutoka mjini. Waya alivuta waya kutoka kwenye betri, akatia fyuzi, akaupitisha chini ya tangi mpaka kwenye usukani, kazi safi ambayo hakutaka iguswe na mtu. Kuhusu mwili, Mkunga alifuata njia ya kawaida: sweta mbili, na juu yake koti la mvua lisilopitisha upepo. Si kama malkia, lakini halikuhitaji umeme.

Wiki iliyofuata, alfajiri, simu ilimwamsha. Ni mume wa yule mama wa redio. Uchungu ulikuwa umeanza. Mkunga alitoka kabla jua halijachomoza, ukungu umekaa njiani kama ukuta, akapanda mlima bila kusimama. Alipofika alivua glavu mlangoni, akanawa, akapiga magoti kando ya kitanda na kuweka viganja vyake tumboni.

Safari hii mama hakuruka. Na Mkunga, akipapasa polepole, alikuta chini ya mbavu kitu kigumu cha mviringo kikiyumba kidogo kati ya vidole vyake. Alikishika tena apate uhakika. Kisha akatafuta chini, akakuta ulaini ambao haukupaswa kuwa pale. Kichwa kilikuwa juu. Mtoto alikuwa amekaa, anataka kuja matako kwanza, na huyu ni mzazi wa kwanza.

Hakupandisha sauti. Alimwambia mume asimame barabarani, akapiga simu hospitali, akaeleza kwa maneno machache kile vidole vyake vilichosema. Gari la hospitali lilifika wakati bado kuna nafasi ya kuwahi. Saa nne na robo asubuhi mtoto wa kike alitolewa kwa upasuaji, akalia mara moja, na mama yake akauliza kama ana vidole vyote.

Siku ya pili yake Mkunga alipita kijiweni. Habari zilikuwa zimemtangulia, na benchi lilikuwa linawaka moto. Pancha alidai fyuzi ile ilitoka kwenye boksi lake. Kamusi alikuwa akieleza kwa mara ya tatu kwamba bila msomaji, mita ni kopo tu. Walimpisha akae, wakamtaka asimulie yote, naye akasimulia, na alipofika kwenye kile kichwa kilichoyumba chini ya mbavu hata Pancha alishusha spana.

Waya alikuwa amengoja kwa subira ya fundi. Glavu zina viwango vitatu vya joto, na swali hili lilikuwa limemkaa kooni tangu jana.

— Sasa tuambie. Kule juu kwenye ukungu uliweka cha kwanza, cha pili au cha tatu? Moto ulikuwaje mkononi?

Mkunga alifikiri. Alirudi njia nzima kichwani mwake, kona kwa kona, ukungu, lango la wale watu, mlango, beseni la maji.

— Sijui, alisema. Sikuzikumbuka mpaka nilipozivua.

Waya alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza kijiwe kilikosa la kubishia. Pancha alinyoosha kikombe. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa tone moja, la pili, basi: kahawa nayo ilikuwa imekwisha.