Kuni Mbichi za Haugane

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Torunn, mke wa Arnljot, acha kuchungulia dirishani, theluji haiendi popote. Solfrid, niinulie mto. Nesi Bergit atakaa hapo mlangoni, maana nilichokiandika jana mbele yake na mbele ya mchungaji nataka leo mkisikie kwa mdomo wangu, akili zangu zikiwa timamu, asije mtu kesho akasema bibi kizee alikuwa anaweweseka.

Nianze na shamba. Arnljot, wewe ni kifungua mimba, na huku kwetu shamba humfuata kifungua mimba. Siku tuliyokukabidhi Haugane, mimi na baba yenu tulihamia kijumba hiki cha wazee, kama walivyohamia wazee waliotutangulia, nawe ukatia sahihi hati huku koti umeshalivaa, una haraka ya kwenda kuangalia trekta. Hukuisoma. Mimi niliisoma. Imeandikwa kwamba kijumba ni chetu mpaka wa mwisho wetu akate roho, na kwamba kila mwaka utatuletea viazi, maziwa, na kuni za mti wa gome jeupe, zilizokaushwa viangazi viwili, na utatusafishia njia ya theluji mpaka barabarani. Ulituletea nini? Msonobari mbichi, unaolia ndani ya jiko na kujaza nyumba moshi, miaka tisa mfululizo, na nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, moto ni moto tu." Moto ni moto tu! Baba yenu Sjur aliukohoa moto wako mpaka mapafu yakamshinda.

Alipolazwa, mwezi Machi, mimi nilikuwa humu na nyonga yangu mbovu, theluji imefika kiunoni kwa sababu njia hukuisafisha, nikashindwa kumfuata. Daktari alipouliza mgonjwa angetaka nini, wewe ndiye uliyejibu: "Baba hataki kuhangaishwa." Wakaacha kumtibu. Nani alikwambia? Wiki hiyohiyo Sjur alikuwa amepanga viazi vya mbegu kwenye trei za mayai, hapo dirishani, vichipue tayari kwa kupandwa. Ndivyo anavyofanya mtu aliyechoka kuishi? Tulimzika, viazi vikaendelea kuchipua, nami nilivitazama kila asubuhi na kukuchukia, wewe niliyekuzaa. Nalisema wazi, wala sioni haya.

Solfrid, kile kibanda cha malisho kule mlimani kilitoka kwa mama yangu, hakimo katika mali ya Haugane. Ni chako, pamoja na masufuria ya kupikia jibini. Torunn, vuli iliyopita nilipokuwa na homa uliingia humu ukapima madirisha yangu ukidhani nimelala, na utepe wako wa kupimia ukausahau chini ya kitanda. Katika wosia nimekuandikia huo. Usinune, utakufaa.

Sasa mwili wangu. Miaka miwili iliyopita niliandika kwamba nikizidiwa niachwe niende kwa amani, na nilimaanisha, maana Sjur ananisubiri na mimi nimechoka. Kisha nikasikia kuna mtu anataka kiwanja hiki ajenge nyumba za watalii, nawe umemwahidi kitakuwa wazi kabla ya Pasaka, la sivyo anakwenda kununua kwingine. Kitakuwa wazi vipi, mwanangu, na mimi nimo? Jana ile karatasi nimeichana. Hii mpya inasema nipewe dripu, nipewe hewa, nipewe dawa ya kila namna, mradi nisife kabla ya Pasaka kupita. Bergit kanionya kwamba nitaumia. Najua. Nitaumia.

Na wa kunisemea nitakapokuwa siwezi kusema, Solfrid, futa machozi, si wewe. Nimemwandika Arnljot. Ndiyo, wewe! Daktari atakuuliza mama angetaka nini, na safari hii jibu liko kwenye karatasi, nakala moja kwa mchungaji, moja kwa dada yako. Utasimama hapo ulipo, kila siku ya Mungu, umbembeleze daktari anibakize hai. Siku utakayosema mama hataki kuhangaishwa, bonde zima litajua umeniuza kwa bei ya kiwanja.

Arnljot. Unakwenda wapi? Mwacheni aende. Mlango... ufungeni, baridi inaingia.

Solfrid, nipe maji. Kidogo tu. Nizikeni upande wa kushoto wa Sjur, sikio lake la kulia lilikuwa halisikii. Mungu akupe uzee wenye joto, binti yangu, na wanao wakuletee chakula kwa mkono wao wenyewe. Na wewe pia, Torunn, basi. Sina nguvu ya kuwanunia wawili.

Nani huyo? Umerudi. Zilete hizo kuni nizione... Gome jeupe. Kavu kabisa. Kumbe mlikuwa nazo, kule kwenu, miaka yote hii.

Tia jikoni. Sikieni... moto haulii.

Baraka yako sikupi leo, Arnljot. Usiniombe. Kaa hapa. Mkono wangu huu, ushike. Hivyo. Usiuachie... mpaka Pasaka.